Aliyejibu Jikoni

Hebu fumba macho kidogo, halafu nifuate taratibu. Ni saa nane mchana, na tunaingia katika nyumba ndogo. Sebuleni kuna cherehani karibu na dirisha, na vipande vya kitambaa vimetapakaa sakafuni. Ukipita pazia, unafika jikoni. Kushoto ni sinki. Kulia limesimama jiko la umeme, jeupe, lina oveni chini na sahani nne za chuma juu, zile zinazogeuka nyekundu zikipata moto. Ukutani, kimo cha bega la mtu mzima, ipo swichi yake kubwa yenye kitaa chekundu. Na pembeni, hatua moja tu kutoka kwenye jiko, upo mlango. Utazame vizuri mlango huo. Ni wa chumba cha mtoto, na chumba hicho hakina njia nyingine. Anayetoka humo lazima apite mbele ya jiko.

Mtoto mwenyewe ana miaka mitano. Wanamwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyo shavuni mwake. Saa hizi amelala, mdomo wazi.

Mama Kidoti ni mshonaji. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Mtu wa tatu katika nyumba hii ni dada yake huyo dereva, ambaye mama Kidoti alimwita wifi. Walipendana mno. Majirani walikuwa wakisema, hawa si mawifi, hawa ni chanda na pete.

Zamani kidogo, pasi iliachwa imewaka ikatoboa gauni la bibi harusi wa watu. Siku hiyo walilia wote wawili, kisha wakawekeana sharti. Tangu leo, anayezima kitu cha moto haondoki kimya kimya. Atasema kwa sauti, "Nimezima." Mwenzake atakuja, atatazama swichi zote za kuzungusha, atatazama na kitaa cha ukutani, ndipo atajibu, "Nimeona." Macho mawili hukosea, walisema. Manne hayakosei.

Likawa ndilo neno lao. Hata wakizima redio, mmoja husema, "Nimezima," na mwingine hucheka, "Nimeona, mheshimiwa."

Jambo lenyewe lilianza kwa joto tu.

Mama Kidoti alikuwa na desturi ya kufuta jiko baada ya kupika, lakini halifuti likiwa la moto. Hulisubiri lipoe, kisha hulipapasa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Siku moja alikuwa amezima tangu saa sita, na wifi alikuwa amejibu. Saa tisa akaweka mgongo wa mkono juu ya sahani ya nyuma, akashtuka. Ilikuwa vuguvugu.

Akatazama swichi. Zote zimezimwa. Kitaa cha ukutani, kimya.

"Wifi," akaita, "umechemsha maji?"

"Hapana, wifi yangu," sauti ikajibu kutoka chumbani kwa wifi. "Labda ni jua la dirishani."

Dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa jirani. Jua halikuwahi kufika pale. Lakini mama Kidoti hakuwa mtu wa kutafuta maneno, akafuta jiko lake akarudi kwenye cherehani.

Baada ya hapo, mambo yakaanza kufuatana. Sufuria ya maharage ikaungua mpaka chini ikawa nyeusi, na yeye alikuwa na hakika kwamba hakuliwasha jiko. Taulo ya kufutia vyombo, ambayo huitundika mbali kwenye msumari, akaikuta ukingoni mwa jiko, pembe moja imekuwa kahawia. Na kila mchana, nyumba ikishatulia, palitokea sauti. Tak. Kisha kimya. Tak.

Utaniambia ni chuma kinapoa. Kweli, chuma kikipoa hulia. Lakini sikiliza chuma kinachopoa siku moja: kinalia haraka haraka mwanzoni, kisha kinachelewa, kinachelewa, mpaka kinanyamaza. Jiko hili lilianza polepole, kisha likaharakisha.

Juma lilelile mumewe akapiga simu kutoka njiani.

"Mama Kidoti, nasikia maharage yamekuwa mkaa."

"Umesikia kwa nani?"

"Aa, dunia haina siri. Mke wangu, kama akili imechoka, sema. Kidoti atakwenda kukaa kwa mama yangu. Sitaki kurudi safari nikute majivu."

Mama Kidoti akakaa chini. Alimwona mwanawe akifungashiwa nguo, akipandishwa kwenye lori, akipunga mkono. "Usimwondoe mtoto," akasema. "Nipe nafasi. Nitakuwa mwangalifu zaidi."

"Sawa. Mimi nakuamini," mumewe akasema.

Wifi alimkumbatia jioni hiyo. "Usilie. Mimi nitakutetea kwa kaka. Kusahau ni kwa kila mtu."

Maneno matamu. Lakini mwanamke huyu hakuwa msahaulifu, na sasa alianza kujiogopa mwenyewe. Ukishaambiwa na watu wawili unaowapenda kwamba macho yako hayaoni, unaanza kuyatilia shaka macho. Akazidisha uangalifu. Mikono ya sufuria aliigeuza ukutani ili mtoto asiifikie. Oveni, ambayo wengi huigeuza kabati la masufuria, akaiacha tupu. Akikaanga kitu hatoki, hata mteja akigonga mlango. Akimaliza, anazima swichi za jiko, anazima na ya ukutani, halafu anasema kwa sauti karibu ya kuomba:

"Nimezima!"

Na kutoka nyuma yake, kila siku, upole uleule: "Nimeona."

Hapo moyo wake ulitulia. Lile lilikuwa ndilo tegemeo lake pekee.

Mtu wa kwanza kujua ukweli alikuwa Kidoti, ila watoto hujua mambo bila kujua kwamba wanajua. Siku moja akila, akauliza, "Mama, kwa nini shangazi wako wawili?"

"Shangazi yako ni mmoja tu, we mtoto."

"Wako wawili. Kuna shangazi wa chumbani na shangazi wa jikoni. Wa chumbani analala. Wa jikoni haoni usingizi." Akatafuna kidogo. "Yule wa jikoni ananiambia nishike sahani ikiwa nyekundu. Anasema ni tamu kama ua."

"Shangazi anakutania," mama akasema, lakini kijiko kilibaki hewani. Akafunga mdomo, asimseme vibaya mtu aliyemwita dada. Tangu siku hiyo, mtoto akilala, alimrudishia mlango wake taratibu, na hakufanya zaidi ya hapo, jambo ambalo baadaye lilimliza kila alipolikumbuka.

Sasa tufike Alhamisi.

Alikaanga viazi mchana. Kidoti akala akashiba akaenda kulala. Mama akazima sahani, akazima ukutani, mafuta akayaacha kwenye kikaango pale pale yapoe, kwa sababu mafuta ya moto hayabebwi kutoka mahali hadi mahali. Akageuka upande wa sebule.

"Nimezima!"

"Nimeona," ikajibu sauti ya wifi nyuma yake.

Na papo hapo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia wifi, ndoo ya nguo mbichi mkononi, jasho usoni, waya za kusikilizia muziki zikining'inia masikioni.

Wakatazamana.

"Wifi," mama Kidoti akasema polepole, "umetoka wapi?"

Wifi akachomoa waya moja sikioni. "Eeh? Nilikuwa bombani nafua. Tangu saa saba. Kwani umeniita?"

Mama Kidoti alilishika pazia. Nywele za shingoni zilimsimama. Nyuma yake, jikoni, kitu kilisema, Tak.

Harufu ikaja kwanza, harufu ya nywele zinazoungua, nzito na ya utamu wa ajabu, na akageuka akaona kitaa cha ukutani kimezimwa na swichi zote zimezimwa kama alivyoziacha, na bado sahani moja ikaanza kuwa na wekundu kutoka katikati, kama jicho linalofunguka baada ya usingizi mrefu, kisha ya pili, kisha ya tatu, na ile tak tak ikaongezeka kasi mpaka ikawa kama meno ya mtu mwenye baridi, na juu ya sahani ya nne mafuta yakaanza kutoa moshi, moshi mwembamba, kisha mzito, kisha bila mlipuko wowote, kwa upole kabisa, moto ukasimama juu ya kikaango mrefu kama mtu.

Upande wa pili wa moto ule ulikuwa mlango wa mtoto.

"Mama?" Kidoti akaita kutoka ndani. Mlango ukatikisika. "Mama, kumekuwa na mwanga."

"Usifungue!" mama akapiga kelele. "Kidoti, usifungue, mwanangu, rudi kitandani!"

"Fungua, mtoto mzuri," ikasema sauti ya wifi kutoka ndani ya oveni. "Shangazi nipo."

Wifi mwenyewe, yule wa nyama na damu, alisikia sauti yake ikitoka mahali asipokuwepo, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika ndoo yenye maji nusu chini ya nguo, akainyanyua.

"Mwaga, wifi," ikanong'ona ile sauti. "Mwaga maji. Haraka. Utamwokoa mtoto."

Na ungekuwepo ungeona kwamba shauri lile lilikuwa na sura ya shauri jema, ndiyo maana lilitisha, kwa sababu maji yakikutana na mafuta yanayowaka, moto hurukia dari na kuta na mtu aliyeyamwaga, na mlango ule wa mbao ungeshika kama karatasi.

"Usimwage!" Mama Kidoti alimsukuma wifi kwa bega, ndoo ikaanguka sebuleni. Akanyakua kifuniko kipana cha sufuria, akakishika mbele yake kama ngao, akasogea kutoka ubavuni, uso ameugeuza, akakitelezesha juu ya kikaango. Moto ukabanwa. Ukatoka pembeni mara moja, ukarudi, ukafa. Hakukifunua kutazama. Akakimbilia swichi kuu ya nyumba, akaikata. Akafungua mlango wa mtoto, akamtoa mzimamzima na shuka lake.

Nyumba nzima haikuwa na umeme. Na bado sahani zile tatu zilibaki nyekundu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, zikiwatazama.

"Nimeona," sauti ikasema. "Nimeona. Nimeona. Nimeona."

Ijumaa asubuhi akaja fundi umeme wa mtaa, mzee waliyemwita Fundi Miwani, miwani yake imefungwa kwa kipande cha waya wa shaba. Alifungua mgongo wa jiko akapima kila kitu. Mwisho akakuna kichwa.

"Jiko hili lina afya kuliko mimi mwenye presha," akasema. "Waya safi. Swichi nzima. Hata panya hajapita. Sasa nielezeni, maana uso wenu si uso wa watu walioharibikiwa na waya."

Mama Kidoti akaeleza yote, pamoja na sharti lao la Nimezima na Nimeona. Alipofika hapo, mzee akavua miwani.

"Na anayejibu, huja kutazama?"

"Ndiyo sharti," mama Kidoti akasema.

Fundi hakumtazama yeye. Alimtazama wifi. Wifi alitazama sakafu.

"Sikilizeni, wanangu. Nimekuwa ndani ya kuta za watu miaka arobaini. Jini haingii kwenye waya. Waya una mwenyewe, umeme, nao ni mkali. Jini hutafuta neno ambalo mwenyewe amelihama, likabaki tupu, lakini watu bado wanaliegemea. Hapo huingia akapanga. Na hatoki mpaka mwenye neno arudi kulidai, mbele yake, macho wazi." Akahakikisha kwamba swichi kuu imekatwa, akamsogeza wifi kwa bega mpaka mbele ya jiko. "Sema kweli, binti. Usiniambie mimi. Liambie jiko."

"Mimi sina cha kusema," wifi akanong'ona.

Tak, likasema jiko lisilo na umeme.

Wifi akaanza kulia. "Nilikuwa sinyanyuki. Nilikuwa najibu nikiwa kitandani. Niliona, ah, wifi ni mwangalifu, ya nini kuchoka."

Tak. Tak.

"Halafu... halafu nikawa naweka muziki masikioni. Nikaacha kujibu kabisa."

"Tangu lini?" mama Kidoti akauliza.

"Miezi miwili."

Miezi miwili. Mama Kidoti akahesabu moyoni michana ile yote aliyosema neno lake na kujibiwa kwa upole, akageuka akashika ukuta. Kumbe miezi miwili alikuwa akimkabidhi mwanawe kwa kitu kisicho na uso, na akishukuru.

"Endelea," fundi akasema, maana jiko lilikuwa bado linalia.

"Yale maharage ni mimi. Niliwasha nikasahau. Nikaogopa kaka akijua atanirudisha kwa mama, nikamwambia ni wewe. Likaja la taulo, nikasema ni wewe. Kila kitu nikasema ni wewe, wifi. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, ila ulitaka wenzake." Akapiga magoti. "Mwisho nikamwambia kaka amchukue mtoto. Akaniambia ameshaamini zamani kwamba akili yako imechoka. Anakuja kesho. Alisema nisikwambie. Nguo za Kidoti ziko kwenye begi, chini ya kitanda changu."

Hapo mlango wa oveni ukafunguka wenyewe, polepole, kwa mlio wa bawaba kavu. Ndani hapakuwa na kitu. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita katikati yao kama mtu mwenye haraka, pazia likapepea, mlango wa mbele ukajibamiza. Jiko likanyamaza. Fundi akaweka kiganja juu ya sahani.

"Baridi," akasema. "Njooni mguse." Nao wakagusa, kwa mgongo wa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Wifi aliondoka mchana huohuo. Mlangoni alisema, "Wifi yangu, nitukane basi. Nipige."

"Sina tusi," mama Kidoti akajibu. "Ningekuwa na adui ndani, ningetazama mwenyewe. Nilikuwa na wewe." Akamshikisha begi lake. Lile jingine, la nguo za Kidoti, alikuwa ameshalifungua na kurudisha kila nguo mahali pake.

Siku ilipoanza kupoa, alirudisha umeme. Akachemsha maji ya chai akiwa amesimama palepale. Akazima sahani. Akazima ukutani. Mdomo ukazoea, ukasema wenyewe: "Nimezima."

Hakuna aliyejibu. Kimya kile kilimuuma, na kilimfurahisha. Akatazama mwenyewe swichi moja moja, akiigusa kila moja kwa kidole.

Simu ikalia. Alikuwa mumewe. Dada yake alikuwa amemfikia kwanza kwa simu na machozi yake, kwa hiyo alikwisha sikia. Sauti yake ilikuwa laini kama pamba.

"Mke wangu, pole sana. Mtu wa damu yangu, kunifanyia hivi! Kesho nakuja, nakuja kukuona wewe tu. Ujue jambo moja. Mimi nilikuamini. Sikukutilia shaka hata siku moja."

Mama Kidoti alifumba macho. Aliona begi chini ya kitanda, shati dogo la njano limekunjwa vizuri juu ya mengine.

Na jikoni, juu ya jiko lililozimwa, kwenye sahani ambayo hakuwa ameiwasha, kitu kikasema, polepole, kama mpangaji anayebisha hodi kwenye chumba kipya:

Tak.

Hakupiga kelele. Alikwenda akamnyanyua Kidoti, akakata swichi kuu, akatoka naye nje mpaka kwenye ngazi za mlangoni, simu bado sikioni.

"Baba Kidoti," akasema, "jiko linakusikia. Sema tena."

Ndani ya nyumba, sauti ile ilikuwa imeanza kuharakisha.

Sasa fumbua macho, wala usiogope. Jiko lako huenda limelala salama. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja dogo. Siku mtu wako atakapokuambia, "Nimezima," usimjibu ukiwa umelala. Inuka, uende ukatazame.